Kisu cha Chuma Kisichoshika Kutu: Namna ya Kujitengenezea Nyumbani kwa Zana za Kawaida

Mtu anayetoka Ubungo kwa Barabara ya Sam Nujoma na kufika Mwenge hukuta mafundi wa aina mbili wakifanya kazi karibu karibu. Upande mmoja wapo wachongaji wa kijiji cha vinyago, wenye tezo, patasi na msasa, wamezungukwa na vipande vya mpingo. Upande mwingine wapo wachomeleaji wa mageti, madirisha na vizuizi vya ngazi, ambao sakafuni mwao hubaki mapande ya chuma kinachong'aa ambacho wote tumezoea kukiita stenlesi. Hapo ndipo linapozaliwa wazo ambalo si baya hata kidogo: kwa nini mtu asichukue kipande cha stenlesi kwa fundi huyu na kipande cha mpingo kwa fundi yule, akajitengenezea kisu cha jikoni?

Katika makala haya tunalijibu swali hilo kwa ukamilifu. Tunaeleza chuma kipi kinafaa na kipi hakifai, kazi yenyewe inavyofanyika kwa zana ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzipata, na hatari zinazopaswa kuepukwa. Hata msomaji asiyekusudia kushika tupa atafaidika, kwa kuwa maarifa yale yale ndiyo yanayomwezesha mnunuzi kutambua kisu kizuri kabla ya kutoa fedha yake.

Kung'aa si ukali

Tuanze na kosa linalowagharimu wengi. Stenlesi si chuma kimoja. Ni jina la ukoo mzima wa vyuma vyenye tabia moja inayofanana: vyote vina madini ya kromi yasiyopungua takriban asilimia 10.5. Kromi hiyo huungana na oksijeni ya hewani na kufanya utando mwembamba sana juu ya chuma, usioonekana kwa macho. Utando ukikwaruzwa, hujijenga upya wenyewe. Ndiyo maana chuma hicho hakiliwi na kutu kwa urahisi. Ugunduzi wake katika sura tunayoijua leo huhusishwa na Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, na visu vilikuwa miongoni mwa bidhaa za mwanzo kutengenezwa kwacho.

Lakini kromi peke yake haikati nyama. Kinachokipa chuma uwezo wa kuwa kigumu na kushika makali ni kaboni, pamoja na kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Hapo ndipo ukoo huo unapogawanyika.

Aina ya kwanza ni ile yenye kromi takriban asilimia 18 na nikeli takriban asilimia 8, ambayo wenye viwanda huiita 304. Hii ndiyo inayotumika kwa vizuizi vya ngazi, masinki, sufuria na vijiko. Ina kaboni kidogo mno, na hata ikipashwa moto na kutoswa majini mara mia haitakuwa ngumu. Kisu cha 304 hung'aa kama kioo, hukata nyanya ya kwanza na ya pili, kisha makali yake hulala.

Aina ya pili ni ile yenye kromi takriban asilimia 13 na kaboni ya kutosha, kama vile 420. Hii hukubali kugumishwa, na ndiyo inayotumika kwa visu vingi vya jikoni. Ipo pia 430, yenye kromi nyingi na kaboni kidogo, ambayo haigumiki ingawa hutumika kwa mapambo na vyombo vya bei nafuu.

Kutokana na hayo msomaji ataona jambo la kushangaza kidogo. Kaboni inayokipa kisu ukali hushikana na sehemu ya kromi na kuipunguzia kazi yake ya kuzuia kutu. Kwa hiyo kizuizi cha ngazi kinaweza kukaa miaka mingi bila kuliwa na kutu, ilhali kisu kizuri cha stenlesi kikiachwa usiku kucha na maji ya ndimu huamka na madoa. Doa hilo peke yake si ushahidi kwamba umedanganywa. Wala mng'ao usiofifia si ushahidi kwamba umepata kisu. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Majaribio mawili ya kuchagua chuma

Jaribio la kwanza ni la sumaku, hata ile ndogo iliyotolewa kwenye spika mbovu. Iguse kwenye chuma. Isiponasa, au ikinasa kwa unyonge, kuna uwezekano mkubwa kwamba hicho ni 304 au jamaa yake, na hakifai kwa kisu. Ikinasa kwa nguvu, usifurahi bado, kwa sababu 430 nayo hunaswa na sumaku, na chuma cha kawaida kilichopakwa kromi juu hunaswa vilevile. Sumaku inaweza kukikataa chuma, lakini haiwezi kukithibitisha.

Jaribio la pili ni la tupa. Chukua tupa nzuri, iweke kwenye ukingo wa chuma na kuisukuma mara moja kwa nguvu ya wastani. Tupa ikiuma na kutoa vumbi la chuma, chuma ni laini. Ikiteleza juu kama inayosugua kioo, chuma kimekwisha kugumishwa. Kilichonaswa na sumaku, kikaikataa tupa na hakina ganda linalobanduka, ndicho cha kufanyia kazi.

Kwa nini tunashauri kuanza na kisu kilichokufa

Msomaji anaweza kuuliza: je, siwezi kununua bati la 420 ambalo bado ni laini, nikalikata, kisha nikaligumisha kwa moto wa mkaa? Kinadharia inawezekana. Kwa vitendo, hapo ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika. Chuma cha kawaida chenye kaboni, kama springi za gari, hugumika kikipashwa hadi takriban nyuzi joto 800 za Selsiasi, na mhunzi mzoefu huutambua moto huo kwa rangi. Aina ya 420 huhitaji kati ya nyuzi 980 na 1,040, kisha hutoswa kwenye mafuta, na baadaye hupashwa tena kwa moto mdogo wa nyuzi 150 hadi 200 au zaidi kidogo ili isivunjike kama kigae. Jicho lililozoea springi hukitoa chuma motoni mapema mno. Anayejaribu kufidia kwa kuchochea mkaa hupitiliza kiasi, na chuma hutoka kikiwa na chembe kubwa zisizo imara.

Hatusemi haya kwa kuwadharau mafundi wetu. Uhunzi katika nchi hii una historia ndefu. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba jamii za eneo la Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, zilikuwa zikizalisha chuma chenye kaboni katika tanuri zenye joto kali sana tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Tunachosema ni kwamba kila chuma kina moto wake, na moto wa stenlesi unahitaji tanuri yenye kipimo.

Njia salama kwa mtu wa nyumbani ni kuanza na chuma ambacho kiwanda kimekwisha kukigumisha, kukibadilisha umbo, na kuhakikisha kwamba hakipati moto tena. Kisu kipana cha jikoni kilichovunjika ncha au mpini, au kisu cha buchani kilichonolewa hadi kikaisha umbo, kinafaa sana. Mara nyingi mkia wake, yaani sehemu inayoingia mpinini, huwa tayari na matundu, na hilo hukuondolea shida ya kutoboa chuma kigumu. Usitumie vifaa vya hospitali vilivyotupwa, wala chuma kilichotoka kwenye mapipa au mitambo ya kemikali.

Zana zinazohitajika

Tafuta grainda ndogo yenye diski nyembamba ya kukatia stenlesi, msasa wa maji wa ukali wa aina tatu (120, 240 na 400), tupa ya chuma, msumeno wa mbao, nyundo, jiliwa au vibanio viwili, noleo lenye pande mbili, gundi ngumu ya mirija miwili, na ndoo ya maji. Asiye na grainda anaweza kukodi muda wa fundi kwa kazi ya kukata tu, akamalizia mwenyewe nyumbani.

Diski zako ziwe hazijawahi kugusa chuma cha kawaida. Chembe za chuma hicho hujipachika juu ya stenlesi, nazo ndizo hushika kutu. Watu wengi wamewalaumu wauza chuma kwa madoa yaliyotokana na diski chafu.

Kabla ya kufunga diski, isome. Kwenye pete ya chuma ya katikati diski nyingi huandikwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika. Pia huandikwa kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa dakika. Kasi hiyo isiwe ndogo kuliko kasi iliyoandikwa kwenye grainda yako. Diski iliyopitwa na wakati, iliyolowa au yenye ufa inaweza kupasuka ikiwa inazunguka. Kinga ya grainda isiondolewe kwa sababu yoyote.

Vaa miwani ya kinga, si miwani ya jua. Vaa barakoa inayochuja vumbi, kwa kuwa vumbi la stenlesi lina kromi na nikeli, na vumbi la mpingo huwasha ngozi na kukera njia ya hewa ya baadhi ya watu. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na watoto na mbali na vyombo vya chakula. Usivae nguo zinazoning'inia, na usisimame mahali penye majimaji huku ukishika chombo cha umeme.

Hatua za kazi

1. *Chora.* Kata boksi kwa umbo la kisu unachotaka. Kwa matumizi ya kawaida ya jikoni, bapa la sentimita 12 hadi 15 na unene wa takriban milimita 2 linatosha. Lishike boksi mkononi kama unayekata kitunguu. Likikukera, badilisha sasa, kwa kuwa boksi halina gharama. Kisha lilaze juu ya chuma na kuchora kwa kalamu isiyofutika.

2. *Kata.* Funga chuma imara kwenye jiliwa. Kata nje kidogo ya mstari, kwa mikato mifupi ya sekunde chache, na kila baada ya mkato kipoze chuma. Kanuni ni moja: chuma usichoweza kukishika kwa vidole vitupu kimekwisha kupata moto kuliko inavyotakiwa. Ukiona rangi ya kahawia au buluu ikitokea ukingoni, ujue sehemu hiyo imeungua, na inaweza kuwa imepoteza ugumu na kinga yake dhidi ya kutu. Isage taratibu hadi ufikie chuma safi.

3. *Tengeneza mteremko wa makali.* Kisu hukata kwa sababu bapa lake hupungua unene kuelekea kwenye makali. Saga pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, ukipoza kila mara. Usimalize hadi kwenye makali. Bakiza unene wa takriban nusu milimita, kwa sababu makali membamba huungua haraka kuliko sehemu nyingine yoyote.

4. *Lainisha.* Zungushia msasa kwenye kipande cha mbao, ulowanishe, na usugue kwa upande mmoja tu, kuanzia ukali wa 120 hadi 400. Mikwaruzo mikubwa iliyobaki hushika uchafu wa chakula na ndiyo mahali kutu inapoanzia.

5. *Weka mpini.* Kwanza funika bapa kwa kitambaa kinene na gundi ya karatasi. Majeraha mengi hutokea mtu anapohangaika na mpini. Mpingo, mninga na mkongo zote ni mbao ngumu zinazofaa, na wachongaji wa Mwenge huwa na mabaki madogo yasiyofaa kwa vinyago. Pasua vipande viwili, vitoboe kufuata matundu ya mkia, paka gundi, pitisha vipande vya waya mnene wa shaba au stenlesi kwenye matundu, kisha vigonge ncha zake hadi vijibane. Gundi ijaze kabisa mwanya kati ya chuma na mbao, maana mwanya huo ndio makazi ya masalia ya nyama na samaki. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo yake. Usipake rangi wala vanishi usiyoijua. Mafuta kidogo yanayofaa kwa chakula yanatosha.

6. *Noa.* Kipimo cha pembe hakihitaji kununuliwa. Chukua karatasi yenye kona ya mraba. Ikunje kona hiyo mara moja kupata nyuzi 45, na mara ya pili kupata nyuzi 22 na nusu. Ilaze kando ya noleo na kuinamisha kisu chini kidogo ya kipimo hicho. Noa upande mmoja hadi usikie kwa kidole, ukipapasa kwa kutoka mgongoni kuelekea nje, kinyuzi kidogo cha chuma upande wa pili. Geuza, rudia, kisha malizia kwa upande laini wa noleo hadi kinyuzi kiondoke.

Kukijaribu kisu kabla ya kukiamini

Osha kisu kwa sabuni na maji ya moto. Kata nyanya iliyoiva bila kuikandamiza. Kisha kata vipande 20 vya boksi gumu na urudi kwenye nyanya. Kisu cha chuma kilichogumishwa kitaikata tena, pengine kwa uzito kidogo. Kikiiponda, ama pembe haikuwa sawa ama chuma ni laini. Noa upya na urudie mara moja. Kikishindwa tena, kosa ni la chuma, na hakuna kunoa kutakakokiponya.

Jaribio la kutu ni rahisi vilevile. Kifunge kwa kitambaa chenye unyevu usiku mmoja. Doa moja dogo linalofutika si tatizo. Madoa mengi kufuata mikwaruzo yanaonyesha chembe za chuma cha kawaida au sehemu iliyoungua. Rudi kwenye msasa.

Baada ya hapo kitunze. Kioshe na kukikausha mara baada ya kukata ndimu, ukwaju au nyama iliyotiwa chumvi. Usikisugue kwa stili wulu ya chuma cha kawaida. Katia juu ya mbao au plastiki, si juu ya sahani au marumaru. Ukikisafirisha kwa daladala, kiwe kimefungwa vizuri na kimo ndani ya mfuko.

Ukiamua kununua au kumwagiza fundi

Neno "stainless" lililogongwa kwenye bapa halikuambii ni chuma cha aina gani. Alama ya 18/8 au 18/10 ni sifa kwa kijiko na sufuria, lakini kwa bapa la kisu ni dalili ya chuma kisichogumika. Alama kama 420, 3Cr13, 5Cr15MoV, X30Cr13 au X50CrMoV15 hutaja vyuma vya visu. Katika X50CrMoV15, kwa mfano, namba 50 humaanisha kaboni ya takriban asilimia 0.50, na 15 humaanisha kromi ya takriban asilimia 15. Kipo pia kiwango cha kimataifa cha vyombo vya kukatia vinavyogusa chakula, ISO 8442, ambacho sehemu yake moja hupima ukali na muda wa makali kudumu.

Ukimwagiza fundi, kubalianeni mapema juu ya aina ya chuma, na mfanye jaribio la sumaku na la tupa pamoja kabla hajaanza kukata. Fundi mwaminifu hatachukia. Dai risiti. Kumweleza mnunuzi kwamba bidhaa ina ubora ambao haina ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Nawe ukianza kuwauzia majirani, tayari u mzalishaji: wasiliana na SIDO kwa ushauri na Shirika la Viwango Tanzania kuhusu upimaji na alama ya ubora.

Ajali ikitokea

Kwa jeraha, kandamiza kitambaa safi bila kuachia, inua mkono juu ya usawa wa moyo, na uende kituo cha afya, ukimweleza mhudumu lini ulipata chanjo ya pepopunda kwa mara ya mwisho. Chembe ya chuma ikiingia jichoni, usisugue wala usimruhusu mtu kuitoa kwa sindano, kitambaa au ulimi. Funika jicho bila kulibana na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kisu kilichotengenezwa kwa utaratibu huu huenda kisiwe na mng'ao wa kile cha dirishani. Lakini aliyekitengeneza atajua chuma chake kilitoka wapi, kwa nini kinakata, na afanye nini kitakapoacha kukata. Na siku atakaposimama mbele ya muuzaji, hataongozwa tena na mng'ao: atatoa sumaku mfukoni, asome alama kwenye bapa, kisha ndipo aulize bei.